Siku Niliyomkimbia Mama Mkwe Mlimani

Padri wetu alipotangaza mwisho wa misa kwamba kwaya na kina mama wa parokia watatembea milimani siku nzima, "kwa furaha", watu waligeukiana. Tulidhani Kiswahili kimemponyoka. Katika Likasi ya miaka ile, mji wetu wa kampuni ya shaba, mtu alitembea kwa sababu: kwenda kiwandani king'ora kikilia, kwenda kuchukua unga wa kampuni, kwenda kumchezea Rais ngoma mbele ya picha yake. Jumamosi tulitembea na majembe mabegani kwenda salongo, kazi ya bure ya kuzibua mitaro ya taifa. Kupanda mlima, kuushuka, kisha kurudi pale pale ulipotoka bila hata mzigo wa kuni kichwani, hilo lilikuwa jambo la Wazungu. Na padri alikuwa Mzungu. Tulimwita Mupe, kama tulivyowaita mapadri wote wa rangi yake. Alikuwa mzee wa kaptula na magoti mekundu, na nadhani aliamini kwamba kwa kuwa Mungu anakaa juu, mtu akipanda kilima anakuwa amepunguza safari.

Mimi ningebaki kitandani. Nilikwenda kwa sababu ya mwanamke mmoja, na simsemi yule niliyetaka kumwoa. Namsema mama yake.

Binti aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Mimi niliimba besi, safu ya nyuma, na nyimbo zote nilizozijua nilijifunza nikiitazama shingo yake. Kwao walikuwa watu wa Kasai, mkoa wa mbali. Baba aliletwa na kampuni akiwa kijana, akazeekea mbele ya tanuru. Wajomba zangu walikuwa wamekwisha kwenda kujitambulisha. Baba aliwapokea, akacheka, akanywa nao. Mama hakucheka. Alisema atatoa jibu lake baada ya matembezi ya parokia. "Nataka kwanza nimuone akitembea," alisema. Na katika nyumba ile baba alizungumza, mama akaamua. Bila neno lake ndoa hakuna.

Nilikuwa karani katika bohari la kampuni. Nilikuwa na diploma ya sekondari, na nilihakikisha hakuna jirani anayeisahau.

Sasa nieleze jambo moja. Kwetu mama mkwe tunamwita mama buko, na buko si mchezo. Mkwe wa kiume hamtazami mama buko usoni. Hali chakula mbele yake. Akimwona njiani anaingia porini mpaka apite. Akimgusa, hata kwa bahati mbaya, anatozwa: kwetu sisi wa huku ni kuku, kwao watu wa Kasai ni mbuzi. Mbuzi akifika, mama anampokea, kosa linakufa, na ukwe unakaza kuliko mwanzo. Vijana wengi wa mjini walikuwa wameanza kuyapuuza haya. Wengine walipanda lori moja na mama zao wakwe, goti kwa goti, na dunia haikuanguka. Lakini ilikuwa miaka ya kurudia asili. Redio ilituhubiria mababu kutwa, tai zilipigwa marufuku, majina ya ubatizo yakafichwa chini ya godoro. Nikajiambia: mama huyu anataka kuniona nikitembea? Basi ataona heshima ya asili ambayo hata bibi yake hakuiona. Hapo ndipo nilipoanza kukosea. Nilitaka heshima yangu ionekane.

Jumapili hiyo ya kiangazi, baada ya misa ya alfajiri, tulikutana nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Baridi ilikuwa kali, maana kiangazi chetu ni cha ukavu na baridi. Nilivaa abakosi ya bluu, lile koti lisilotaka tai, na viatu vya soli nene vya mtindo wa wakati ule, vilivyofaa kusimama kwenye baa na si kitu kingine. Mama alikuja na blauzi nyeupe ya kina mama wa parokia, kikwembe cha picha za Bikira Maria, na chini kabisa buti za mumewe za kiwandani, zile zenye chuma puani. Alikuwa mwanamke mkubwa. Alipokanyaga, nyasi zilimpisha.

Nilipomwona tu nikaruka nyuma ya kichuguu.

"Weye!" akaita rafiki yangu wa besi, mfua vyuma mwenye kifua kama pipa. "Unafanya nini kule? Umeona simba?"

"Mama buko," nikanong'ona.

"Mama buko gani? Bado hawajakupa mutoto. Kuya hapa, tunaenda."

"Mimi nafuata desturi."

"Desturi na viatu ya namna ile?" Akawageukia wenzake. "Bantu, muangalie. Babu yetu amefufuka, amevaa soli ndefu."

Njia ilikuwa ya mguu mmoja, watu wakaenda mstari mmoja. Jambo hilo liliniharibia kila kitu, kwa sababu mama hakukaa mahali pamoja. Mara alitangulia, mara alisimama kufunga kamba za buti, mara alirudi nyuma kumsema mtu. Kila alipogeuka, mimi niliingia porini. Niliingia kwenye miiba, kwenye upupu, na mara moja kwenye shimo la mhanga, yule mnyama mla mchwa. Tulipita pembeni ya machimbo ya Kakontwe, ambako vumbi la chokaa hupaka majani meupe kama unga, nikatoka huko mweupe mpaka kope. Binti alipita karibu na kichaka changu, sufuria ya mama yake kichwani.

"Toka humo," alisema bila kugeuza shingo. "Weye iko na miba kwenye nywele."

"Mama anasemaje?"

"Anauliza kama unaumwa tumbo."

Si mama peke yake aliyewaza hivyo. Baada ya muda Mupe alinivizia nilipokuwa nikitoka kwenye nyasi, akanishika mkono kwa huruma, akanipa vidonge viwili vya kuzuia kuhara. Nilivimeza. Sikuona njia nyingine ya kumaliza mazungumzo.

Kwenye kijito cha kwanza palikuwa na gogo la kuvukia. Nilikuwa nimejibanza kwenye matete nikasikia kishindo, kisha vicheko, kisha sauti ya mama ikimtaja Bikira Maria kwa namna isiyo ya sala. Ameteleza, ameketi majini. Nilikuwa karibu kiasi cha kuweza kumpa mkono. Nikafumba macho, kama desturi inavyotaka, na nikajipongeza.

Tulipofika kwenye mgongo wa kwanza wa mlima, upepo ulitupokea kwa kofi. Mtu asiyeujua upepo wa Julai juu ya milima yetu asiseme anajua baridi. Huku juu ni nyasi fupi na mawe tu, hakuna mti wa kujikinga, na upepo unatoka upande mmoja siku nzima kama mtu anayekudai. Kwaya ilijaribu kuimba; sauti zikaenda Zambia. Kofia ya Mupe ilifuata sauti. Kwangu mimi lililokuwa baya zaidi ni kwamba hapakuwa na kichaka. Nilitembea nimeinama nyuma ya mfua vyuma, nikageuka alipogeuka, mpaka akachoka.

"Mupe," alisema, "huyu atanivunja mugongo. Mumutume mbele. Bibi yake alizaliwa nyuma ya hii milima, anajua njia. Aende peke yake, atuonyeshe."

Ilikuwa kweli, njia niliijua. Bibi alinipitisha huko nikiwa mdogo, akielekea kijijini kwao. Na kila mtu wa huku anajua jinsi ya kuwaonyesha njia walio nyuma: ukifika penye njia panda, unakata tawi lenye majani mabichi, unalilaza juu ya njia isiyofaa. Njia iliyolazwa tawi imefungwa. Anayefuata anaiacha. Hakuna anayefundishwa hilo shuleni.

Nikaenda mbele kwa mbio. Nilijisikia vizuri mno: nyuma yangu watu wote, na mimi peke yangu mbele, nikiwafungulia na kuwafungia njia kama waziri. Penye njia panda ya mwisho, juu ya mgongo wa pili ambako upepo ni mkali kupita kote, nilikuwa na tawi nililolikata bondeni. Nililaza tawi juu ya njia ya kushoto. Bibi, kila alipolaza tawi juu ya mlima, aliweka jiwe juu yake. Mawe yalikuwa pale, mengi, nimeyakanyaga. Lakini nilikuwa na haraka ya kufika, kwa sababu nilikuwa na njaa, na nilitakiwa kula kabla mama hajafika.

Nilishuka kulia mpaka kwenye chemchemi tuliyoahidiana. Nilifungua bukari yangu ya baridi, ugali wetu wa huku, na samaki wakavu, nikala, nikanywa maji, nikavua viatu. Nikatafuta mahali pa kujificha watakapokuja, nikapapata, pazuri kabisa, nyuma ya mwamba. Nikasinzia.

Nilipoamka jua lilikuwa limepita kichwani na hapakuwa na mtu.

Nilipanda tena huku nimeshika viatu mkononi. Juu, tawi langu lilikuwepo. Upepo ulikuwa umelinyanyua kutoka kushoto na kulilaza vizuri sana juu ya njia ya kulia, kama mtu aliyepima. Kutoka upande wa kushoto, chini, zikaja sauti za watu wanaogombana.

Njia ya kushoto haiendi popote. Inashuka genge, inakufa kwenye bonde ambalo wawindaji wa panya walikuwa wamelichoma wiki hiyo hiyo. Parokia nzima ilikuwa imeshuka humo, upepo ukawapulizia majivu, na sasa walikuwa wanapanda tena mmoja mmoja, weusi kama magunia ya makaa. Blauzi nyeupe hazikuwepo tena. Mupe alikuwa mweusi kuliko sisi sote, na alionekana kufurahi, peke yake.

"Mwenye kufunga njia huyu hapa!" akapiga kelele mfua vyuma. "Sitwayen Waziri wa Barabara!" Sitwayen, yaani raia, ndivyo tulivyoamriwa kuitana miaka ile.

"Upepo," nikasema.

"Upepo! Na jiwe?"

Nikauliza kama wako wote. Hawakuwa wote. Mama alikuwa katikati ya genge, ameketi juu ya mwamba, buti amezivua, visigino vimechubuka. Alikuwa amekataa mkono wa mfua vyuma, amekataa mkono wa Mupe, amekataa wa binti yake. Alikuwa amesema neno moja tu.

"Anasema aje yule aliyefunga njia," binti aliniambia. Machoni mwake majivu yalikuwa yamechora mistari.

"Lakini mimi siwezi kumkaribia. Ni buko."

"Nenda," alisema.

Nikafikiri kwa diploma yangu yote. Nisipokwenda, nimemwacha mama porini. Nikienda, nitamtazama usoni, nitamvunjia heshima mbele ya parokia. Nikapata jibu ambalo lilionekana kuwa la akili sana: nilishuka kinyumenyume. Nilimgeuzia mgongo, nikapapasa genge kwa kisigino, hatua baada ya hatua, abakosi ikipepea, na huko juu kwaya nzima imepanga mstari ikitazama. Nilikwenda vizuri mpaka majivu yakaanza kuteleza. Nilikaa kwanza, kisha nikalala, kisha nikaviringika, na nilipoacha kuviringika, kichwa changu kilikuwa kati ya buti mbili zilizovuliwa.

Huko juu walicheka mpaka wengine wakaketi. Mama hakucheka.

"Simama," alisema. "Niangalie."

Nikaangalia buti.

"Tangu asubuhi unanikimbia kama mie iko na ugonjwa. Unaniheshimia ama unaniogopa?"

"Ni heshima, mama."

"Nilianguka mutoni. Weye ulikuwa wapi?"

"Kwenye matete, mama."

"Ukifanya nini?"

"Nilikuwa naheshimu."

Upepo uliyachukua maneno hayo moja kwa moja juu, na waliokuwa wamenyamaza wakaanza upya.

"Haya," alisema mama. "Leta bega."

Aliweka mkono wake begani kwangu, mkono mzima, na uzito wake wote ukafuata. Nilikuwa nimeguswa, nimegusa, yamekwisha. Tulipanda polepole. Alihema, na mimi nilihema. Mara mbili tulisimama. Mara ya pili alisema, kama anayeongea na miguu yake, "Nimekuangalia siku muzima. Haukutembea na muntu hata mumoja." Nikasema ndiyo, mama.

Tulipotokeza juu, mfua vyuma alirusha mikono.

"Amemugusa! Mbuzi! Tunataka mbuzi!"

Kina mama wakapiga vigelegele. Mbuzi, mbuzi, wakaimba, na Mupe akaimba pia bila kujua anaimba nini. Kisha wakanyamaza, kwa sababu anayetaja mbuzi ni mama mwenyewe: jike au dume, mweusi au wa mabaka. Akishataja, mkwe ni mkwe. Mama alifunga kitambaa chake cha kichwa, akakifunga tena maana upepo ulikifungua.

"Mbuzi ya nini?" alisema kwa upole. "Mutoto amenisaidia tu. Haiko na deni kwangu."

Watu walipiga makofi. Nilisikia faraja kubwa. Nilikuwa nimeanza kuwaza nitampata wapi mbuzi mwisho wa mwezi, na huyu mama, baada ya yote niliyomfanyia, ananisamehe mbele ya watu! Niliinama, nikamshukuru sana, kwa Kiswahili cha vitabuni. Nikamtafuta binti kwa macho nishangilie naye. Alikuwa amekwisha kujitwisha sufuria na kuanza kushuka.

Tulikuwa karibu na nyumba za kwanza mfua vyuma aliponifikia. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Weye ulisoma miaka yote ile," alisema. "Nani anagusa mama wa bantu na hatozwi?"

Nikafikiri. "Mpita njia," nikasema.

"Mpita njia," alisema. "Amekujibu, na weye ukasema asante."

Kisha akaniambia kwamba binti amemwachia neno la kunipa: nilete mbuzi bila kuitwa. Nimpeleke wiki hiyo hiyo, nimfunge mlangoni kwao. Mama atapiga kelele, atauliza nani kaomba mbuzi, atasema nimrudishe, na mwisho atampokea. Ndivyo alivyo. Hajawahi kukataa kitu kilichokwisha kufungwa mlangoni kwake.

Mfua vyuma hata alinitafutia mbuzi, kwa shemeji yake upande wa Kakontwe. Jumatatu jioni alikuwa amefungwa kwenye mpapai wangu, dume la mabaka, mwenye sura ya mkuu wa wilaya. Kutoka kwangu hadi kwa mama ilikuwa ni mitaa mitatu. Kilichonizuia hakikuwa umbali.

Jumanne nilisema nitampeleka kesho. Jumatano niliandaa hotuba, ikawa ndefu. Alhamisi, kazini, watu wa bohari wakaniigiza wakitembea kinyumenyume kati ya mafungu ya misumari, na nikakasirika, na hasira ikaniletea fikra kwamba mimi ndiye niliyedhalilishwa. Sikuombwa mbuzi, nikasema. Mtu mwenye diploma hapeleki mbuzi pasipoombwa, ataonekana anajipendekeza. Wakimtaka, wanajua ninapokaa. Ijumaa mbuzi alikula kola ya abakosi yangu iliyokuwa ikikauka kwenye kamba, nikamwona naye kama mtu wa upande wao. Jumamosi nilikwenda salongo. Hakuna aliyekuja kuniita.

Jumapili nikawaita wenzangu wa besi, tukamchinja.

Mfua vyuma alikataa kuja. Wengine walikuja na bia. Tulichoma nyama uani, moshi ukaenda mtaa mzima, na mtu asidanganyike kwamba katika nyumba za kampuni, ukuta kwa ukuta, unaweza kuchoma mbuzi kwa siri. Ningependa kuandika hapa kwamba nyama ilinikaa kooni. Haikunikaa. Alikuwa mtamu sana yule mbuzi, na nilikuwa na mguu mzima mkononi jua lilipokuwa linashuka na kina mama wakawa wanarudi kutoka rozari.

Mama alikuwa nyuma yao, anachechemea. Alipofika kwenye uzio wangu alisimama. Aliutazama mpapai, akaitazama kamba iliyobaki shinani, kisha akanitazama mimi. Wiki moja kabla ningekuwa nimeruka nyuma ya nyumba. Sikuruka. Nilimtazama usoni, mara ya kwanza vizuri, na nikaona macho ya binti yake.

"Karibu, mama," nilisema. Nikamsogezea kiti. Nikakata kipande kizuri, nikakiweka kwenye sahani, nikamnyooshea juu ya uzio, mafuta yakinitiririka mkononi.

Alisubiri kidogo. Miaka yote hii nimejiuliza alisubiri nini, na najua vizuri alisubiri nini: niseme mbuzi yule alikuwa wa nani.

"Asante, jirani," alisema. "Mie nimeshakula."

Akaenda, nami nikaendelea kutafuna.